Kigogo anapopandishwa kizimbani, sheria yasemaje?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

SHERIA ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Methali hii hurudiwa katika vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na katika ofisi za umma kila kiongozi wa zamani anapofikishwa mahakamani. Wapo wanaoitamka kwa matumaini kwamba safari hii mkubwa naye atakatwa. Wapo pia wanaoitamka kwa kejeli, wakiamini kuwa msumeno huo una meno upande mmoja tu, ule unaowaelekea wanyonge.

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ni mji unaojulikana zaidi kwa pamba kuliko kwa mashauri ya mahakamani. Hata hivyo, mara mbili katika kipindi cha miaka 15 jina la kiongozi anayehusishwa na eneo hili limesomwa katika hati ya mashitaka ya jinai. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2009, aliposhitakiwa Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi na Mwanasheria Mkuu wa zamani wa Serikali. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2024, aliposhitakiwa Dk Yahya Nawanda, muda mfupi baada ya kuondolewa katika wadhifa wa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu.

Mashauri hayo hayafanani. Moja lilihusu ajali ya barabarani jijini Dar es Salaam na jingine lilihusu tuhuma za kumdhalilisha mtu kijinsia jijini Mwanza. La kwanza lilimalizika kwa mshitakiwa kutiwa hatiani na kutozwa faini, na la pili kwa mshitakiwa kuachiwa huru. Yote mawili, hata hivyo, yaliwaacha wananchi wengi na maswali yale yale. Je, kiongozi wa zamani ana kinga? Anajiteteaje? Na kwa nini hukumu ya mahakama aghalabu hailingani na hukumu iliyokwisha kutolewa mitaani?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kupitia sheria za nchi na mashauri yaliyokwisha kuamuliwa.

Ajali ya barabara ya Haile Selassie

Alfajiri ya Machi 27, 2009, gari aina ya Toyota Hilux lililokuwa likiendeshwa na Chenge liligongana na bajaji katika barabara ya Haile Selassie, eneo la Oysterbay, Dar es Salaam. Wanawake wawili waliokuwa abiria wa bajaji hiyo walipoteza maisha.

Chenge hakuwa dereva wa kawaida. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu mwaka 1993 hadi 2005, akachaguliwa kuwa mbunge, kisha akawa waziri katika serikali ya Rais Jakaya Kikwete. Aprili 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu, alijiuzulu baada ya gazeti la The Guardian la Uingereza kuripoti kuwa wachunguzi wa nchi hiyo walikuwa wamebaini zaidi ya dola milioni moja za Marekani katika akaunti inayohusishwa naye kisiwani Jersey. Uchunguzi huo ulihusu ununuzi wa rada ya kijeshi kutoka kampuni ya BAE Systems. Chenge alikanusha kuwa fedha hizo zilitokana na rada, na hakupata kushitakiwa mahakamani kwa suala hilo.

Kwa hiyo alipofikishwa katika Mahakama ya Wilaya ya Kinondoni kwa mashitaka ya kuendesha gari kwa uzembe na kusababisha vifo, watu wengi hawakuiona kesi ya usalama barabarani. Waliiona kesi ya rada kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo macho ya umma na macho ya sheria yalipoanza kuachana, kwa kuwa hakimu aliyekuwa mbele yake hakuwa na faili la rada. Alikuwa na faili la ajali.

Desemba 2010 mahakama hiyo ilimtia hatiani. Alitozwa faini ya Sh700,000, akailipa na kuondoka mahakamani.

Nani mwenye kinga?

Jambo la kwanza ambalo wananchi wengi hulichanganya ni suala la kinga. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 46, inamwekea Rais kinga ya aina yake. Awapo madarakani hawezi kushitakiwa kwa kosa lolote la jinai. Akishaondoka madarakani, ni marufuku kumshitaki kwa jambo alilolifanya akiwa Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge kwa utaratibu uliowekwa katika ibara ya 46A.

Katika kesi ya jinai, kinga hiyo ya Katiba haimfuniki waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, balozi wala Mwanasheria Mkuu. Mbunge analindwa na ibara ya 100 kwa maneno anayoyasema ndani ya Bunge, lakini ulinzi huo hautoki naye nje ya lango. Akiendesha gari kwa uzembe, akipokea rushwa au akimpiga mtu, anasimama kizimbani kama mkulima wa Maswa au mfugaji wa Meatu.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Zambia, kwa mfano, Bunge liliondoa kinga ya Rais wa zamani Frederick Chiluba mwaka 2002 ili ashitakiwe kwa tuhuma za ufisadi. Mwaka 2007 mahakama moja ya London, katika shauri la madai, ilimwona anawajibika kwa fedha za umma zilizopotea. Lakini Agosti 2009 mahakama ya Lusaka, katika kesi ya jinai, ilimwachia huru. Wazambia walijikuta na majibu mawili kuhusu mtu mmoja, na yote mawili yalikuwa halali, kwa sababu shauri la madai huamuliwa kwa kupima ushahidi wa upande upi una uzito zaidi, ilhali kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana.

Tofauti hiyo ya viwango vya ushahidi ndiyo ufunguo wa kuelewa mengi yanayofuata.

Kuua na kusababisha kifo

Baada ya ajali ya Haile Selassie, swali lililosikika mara nyingi ni kwa nini mtu aliyehusishwa na vifo viwili hakushitakiwa kwa mauaji. Jibu lake halimo katika cheo cha mshitakiwa. Limo katika nia.

Sheria ya Kanuni za Adhabu inatambua kuua kwa kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha. Kwa kosa la kwanza, upande wa mashitaka lazima uthibitishe kuwa mshitakiwa alikuwa na dhamira ovu kabla ya tendo au wakati wa tendo. Dereva aliyegonga chombo kingine barabarani ni nadra kuwa na dhamira hiyo.

Ndiyo maana ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hiyo haiulizi kama dereva alitaka mtu afe. Inauliza kama aliendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari, na kama kifo kilitokana na uendeshaji huo. Kwa upande mmoja inaurahisisha mzigo wa waendesha mashitaka. Kwa upande mwingine inapunguza sana ukubwa wa adhabu, na inampa hakimu uwezo wa kutoza faini.

Dereva wa lori anayepata ajali katika barabara ya Lamadi hushitakiwa chini ya sheria hiyo hiyo. Tofauti inaweza kujitokeza katika mambo mengine, kama vile uwezo wa kuweka wakili mzoefu na uwezo wa kulipa faini papo hapo. Maskini anayeshindwa kulipa hutumikia kifungo ambacho tajiri amekikwepa kwa stakabadhi. Hilo ni doa la kweli, na linastahili mjadala mkubwa zaidi kuliko lile dhana la kinga isiyokuwapo.

Mzigo ni wa anayeshitaki

Utetezi wa kwanza wa mshitakiwa yeyote ni kukaa na kusubiri. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Maana yake ni kwamba mshitakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kuwa hakutenda kosa. Anayedai kuwa limetendwa ndiye anayepaswa kulithibitisha.

Kwa kawaida kesi hupita katika hatua zifuatazo. Mkurugenzi wa Mashitaka (DPP) au maofisa walio chini yake huandaa hati ya mashitaka. Mshitakiwa husomewa na kuulizwa kama anakiri au anakana. Akikana, mambo yasiyobishaniwa hutenganishwa na yanayobishaniwa katika usikilizwaji wa awali. Kisha upande wa mashitaka huleta mashahidi na vielelezo vyake, na wakili wa utetezi huwahoji mashahidi hao.

Upande wa mashitaka unapofunga ushahidi, mahakama hujiuliza swali moja: je, mshitakiwa ana kesi ya kujibu? Kama ushahidi ni hafifu kiasi kwamba hauwezi kumtia mtu hatiani hata akinyamaza, anaachiwa hapo hapo. Kama anayo kesi ya kujibu, ana hiari ya kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi wake au kukaa kimya.

Kesi ya Dk Nawanda inaonesha uzito wa kanuni hiyo. Rais Samia Suluhu Hassan alitengua uteuzi wake Juni 2024. Mwezi uliofuata alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Mwanza kwa shitaka la kumlawiti mwanafunzi wa chuo kikuu, shitaka alilolikana. Januari 2025 mahakama hiyo ilimwachia huru baada ya kuona kuwa upande wa mashitaka haukulithibitisha shitaka hilo bila kuacha shaka.

Uamuzi huo ulizusha hisia kali pande zote. Waliokuwa wamekwisha kumhukumu tangu siku ya kutenguliwa waliona haki imepotea. Waliokuwa wakimtetea walidai kuwa alionewa tangu mwanzo. Kisheria, hukumu ya kumwachia huru mshitakiwa haikuwa na lazima ya kusema lolote kati ya hayo mawili. Mahakama ya jinai hujibu kama shitaka limethibitika au halikuthibitika. Haitoi cheti cha usafi kwa mshitakiwa, wala haimtangazi mlalamikaji kuwa mwongo. Na kama DPP hakuridhika na hukumu ya aina hiyo, sheria inampa haki ya kukata rufaa.

Aidha, kutenguliwa kwa uteuzi si ushahidi. Mamlaka ya uteuzi inaweza kumwondoa mtu kazini kwa sababu ya kupoteza imani naye, na haihitaji kiwango cha uthibitisho kinachohitajika mahakamani. Kosa la wengi wetu ni kuuchukua uamuzi wa kiutawala na kuusoma kana kwamba ni hukumu.

"Nilikuwa na kibali"

Utetezi wa pili ni ule unaowahusu hasa viongozi walioshika dhamana za umma. Mshitakiwa hakatai kuwa alitenda jambo. Anasema kuwa alilitenda kwa baraka za wakubwa wake na kwa maslahi ya taifa. Katika miaka ya karibuni utetezi huu umepimwa na Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, katika kesi mbili kubwa, na matokeo yake hayakuwa sawa.

Kesi ya kwanza ilimhusu Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa Balozi wa Tanzania nchini Italia. Alishitakiwa mwaka 2007 pamoja na ofisa mwenzake kuhusiana na ununuzi wa jengo la ubalozi jijini Roma, uliofanyika mwaka 2002. Upande wa mashitaka ulidai kuwa Serikali ilipata hasara ya zaidi ya euro milioni mbili, na hoja kubwa ilikuwa kuwapo kwa mikataba miwili ya mauzo ya jengo hilo hilo.

Mei 2012 lilitokea jambo ambalo Watanzania hawakulizoea. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliingia mahakamani na kutoa ushahidi upande wa utetezi, akieleza kuwa serikali yake iliufahamu na kuuridhia ununuzi huo. Agosti mwaka huo washitakiwa wote wawili waliachiwa huru.

Kesi ya pili iliwahusu mawaziri wa zamani Basil Mramba, aliyekuwa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Nishati na Madini, pamoja na Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Walishitakiwa mwishoni mwa mwaka 2008 kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya Sh11.7 bilioni, kutokana na msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart.

Hapa nako washitakiwa walisema walitekeleza uamuzi wa Serikali. Lakini mahakama ilikuwa na ushahidi kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilishauri msamaha huo usitolewe, na bado ukatolewa. Julai 2015 Mramba na Yona walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu jela. Mgonja aliachiwa huru. Mahakama Kuu baadaye ilipunguza kifungo hicho hadi miaka miwili, na mwaka 2016 mawaziri hao wa zamani walimalizia adhabu yao kwa kutumikia jamii, wakifanya usafi katika hospitali ya Palestina, Sinza.

Ukiziweka kesi hizo mbili bega kwa bega, unaona kuwa mahakama haikatai utetezi wa kibali, bali inadai uwe na mwili. Balozi alileta shahidi aliyekuwa na mamlaka ya kuridhia. Kwa upande wa mawaziri, karatasi za wataalamu wa Serikali yenyewe zilisema kinyume cha walichokifanya. Kiongozi anayetegemea agizo la mdomo, lisiloandikwa popote na lisilo na shahidi, anajiweka katika hatari ambayo cheo hakitamwondolea.

Milango ya utaratibu

Utetezi wa tatu ndio unaowakera wananchi zaidi ya mingine yote. Ni ule unaosimama juu ya utaratibu: hati ya mashitaka ina kasoro, mahakama haina mamlaka, kielelezo kimepokewa isivyo halali, au kuna amri nyingine inayozuia shauri kusikilizwa. Mtaani hoja hizi huitwa ujanja wa mawakili.

Mwaka 2015 Chenge mwenyewe alitumia njia ya namna hiyo, ingawa safari hiyo halikuwa shauri la jinai. Aliitwa mbele ya Baraza la Maadili ya Viongozi wa Umma kuhusu Sh1.6 bilioni alizopokea kutoka kwa James Rugemalira wa kampuni ya VIP Engineering, katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Kabla ya kuingia katika kiini cha malalamiko, aliweka mezani amri ya Mahakama Kuu, akidai kuwa inazuia suala hilo kujadiliwa. Lilikuwa pingamizi la mtu aliyeijua sheria kwa undani, na magazeti ya siku zile yalilijadili kwa muda mrefu.

Mfano mwingine ni wa Lengai ole Sabaya, Mkuu wa Wilaya ya Hai wa zamani. Oktoba 2021 mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo baada ya kubaini kasoro za kisheria katika mwenendo wa kesi. Waliokuwa wameshangilia kifungo walikasirika, na waliokuwa wamelia walishangilia.

Yafaa kujiuliza ni nani hasa anayenufaika na milango hiyo ya utaratibu. Magereza ya Tanzania yana watu wasio na majina makubwa ambao rufaa zao hufanikiwa kwa sababu hati ya mashitaka ilikosewa au shahidi muhimu hakuitwa. Sheria ikiuziba mlango huo kwa ajili ya kigogo mmoja asiyependwa, itakuwa imeuziba pia kwa kijana wa Itilima aliyekamatwa kwa wizi wa ng'ombe ambao hakuufanya. Dawa ya kasoro za namna hiyo ni upelelezi makini na waendesha mashitaka walioandaliwa vema.

Mahakama ya wananchi

Pamoja na yote hayo, umma nao una haki ya kutoa maoni yake, na una chombo cha kuyatoa. Chombo hicho ni sanduku la kura.

Neno "vijisenti", ambalo Chenge alilitumia mwaka 2008 alipoulizwa kuhusu fedha za Jersey, liliingia katika lugha ya mitaani na kubaki humo. Jijini Dar es Salaam lilikuwa alama ya dharau ya wenye nacho kwa wasio nacho. Bariadi hali ilikuwa tofauti. Oktoba 31, 2010, kesi ya ajali ikiwa bado haijaamuliwa na habari za rada zikiwa zimeandikwa kwa zaidi ya miaka miwili, wapiga kura wa Bariadi Magharibi walimrudisha bungeni. Miezi miwili haikupita, mahakama ya Kinondoni ikamtia hatiani.

Mwaka 2011 Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilipoanzisha kampeni ya "kujivua gamba", jina lake lilitajwa pamoja na ya Edward Lowassa na Rostam Aziz. Rostam alijiuzulu ubunge Julai mwaka huo. Chenge hakujiuzulu. Mwaka 2015 alichaguliwa tena, na akawa mmoja wa wenyeviti wa Bunge. Safari hiyo ilikoma mwaka 2020, chama chake kilipomsimamisha mgombea mwingine katika jimbo la Bariadi.

Wapo waliouliza kwa nini hukumu ya mwaka 2010 haikumwondoa bungeni. Ibara ya 67 ya Katiba inamwondolea mtu sifa ya kuwa mbunge anapohukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Uzembe barabarani, hata ukiwa na matokeo ya kuhuzunisha kiasi gani, si kosa la utovu wa uaminifu kwa maana hiyo.

Ni rahisi kwa msomaji wa mjini kuwacheka wapiga kura wa Bariadi. Lakini mpiga kura haulizwi swali analoulizwa hakimu. Hakimu anaulizwa kama kosa limethibitika. Mpiga kura anajiuliza nani atamletea barabara, maji na bei nzuri ya pamba, na nani anayeweza kusikika huko Dodoma. Anaweza kumchagua mtu huku akijua kuwa ana kesi, au hata kwa sababu anaamini kesi hiyo ni njama za wakubwa dhidi ya mtoto wa nyumbani. Jibu lake lina uzito wa kisiasa, lakini haliwezi kumsafisha mtu kisheria, kama vile hasira za Dar es Salaam zisivyoweza kumtia mtu hatiani.

Hatari huanza pale majibu ya mahakama hizi mbili yanapobadilishana nafasi. Kiongozi anayesema kuwa wananchi wamemchagua na kwa hiyo hana hatia anautumia vibaya wingi wa kura. Na umma unaodai mtu afungwe kwa sababu ya kesi nyingine ambayo hakuwahi kushitakiwa unamwomba hakimu avunje kiapo chake.

Faini si bei ya uhai

Turudi katika Sh700,000. Baada ya hukumu ile, hesabu iliyokuwa rahisi kwa kila mtu kuifanya ni kugawanya faini kwa idadi ya marehemu na kupata Sh350,000 kwa kila uhai. Ni hesabu inayochoma moyo. Pia ni hesabu isiyo sahihi kisheria, na kosa lake linaweza kuwaumiza wafiwa wenyewe.

Faini ni adhabu inayolipwa kwa Serikali. Haikusudiwi kuwa bei ya marehemu, na kwa kawaida familia yake haipati hata senti moja kutokana nayo. Fidia ni jambo jingine na ina njia zake. Sheria ya nchi inawaruhusu wategemezi wa mtu aliyefariki kwa uzembe wa mwingine kufungua shauri la madai dhidi ya mhusika. Aidha, kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kinapaswa kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine, ili wanaodhurika wasibaki mikono mitupu. Katika shauri la madai, kama ilivyoelezwa hapo juu, kiwango cha uthibitisho ni cha chini kuliko katika jinai, na hukumu ya kumtia dereva hatiani inaweza kuwa silaha muhimu mkononi mwa wafiwa.

Ni familia chache zinazoijua njia hiyo. Nyingi huamini kuwa siku hakimu alipotaja faini ndiyo siku shauri lilipokwisha. Vyombo vya habari navyo vina sehemu ya lawama, kwa kuwa kamera zote humfuata kigogo anapotoka mahakamani, na hakuna anayekwenda kuwaeleza wafiwa kuwa bado wana mlango mwingine wa kubisha.

Katika mjadala mrefu wa kesi ya Chenge, wanawake wawili waliokuwa ndani ya bajaji ile ndio waliozungumzwa kwa uchache kuliko wote. Waliokuwa na hasira na mbunge waliwataja ili kumpiga naye. Waliompenda walipita kimya juu yao. Kiini cha kesi ile hakikuwa rada, vijisenti wala gamba. Kilikuwa watu wawili ambao alfajiri ile hawakufika walikokuwa wakienda.

Kigogo mwingine atafikishwa kizimbani, leo au mwakani, naye atakuwa na mawakili wa kumsemea. Msomaji anayetaka kuifuata kesi yake kwa haki na aanze kwa kuuliza mambo matatu: ameshitakiwa kwa kosa gani hasa, nani aliyedhurika, na je, ushahidi ulioletwa unathibitisha shitaka hilo na si jingine? Hayo ndiyo maswali aliyonayo hakimu mbele yake. Mengine yote yana siku yake kwenye sanduku la kura.